Karakana na Barabara

Malori husimama kando ya lami muda mrefu kabla ya kufika Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Msururu ukiwa mrefu, biashara ndogo huota ubavuni mwake: chai, chapati, kadi za simu, kijana mwenye pampu ya upepo, mwingine mwenye pikipiki anayesubiri dereva atakayechoka kusubiri. Kocholia, katika kaunti ndogo ya Teso Kaskazini, imekaa karibu na msururu huo. Mtoto anayekulia hapa hujua bei ya safari ya kwenda mpakani kabla ya kujua karo ya chuo chochote cha ufundi.

Historia ya elimu ya ufundi nchini Kenya husimuliwa mara nyingi kwa kutaja tume, ripoti na majengo. Vyote vina nafasi yake. Lakini katika nchi hii ya mpakani kuna njia nyingine ya kuisimulia, nami naamini ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli: kumfuata kijana kutoka kwao hadi mlango wa karakana, na kuuliza ni umbali gani, nani alilipa, na njiani alikutana na nini kilichompa pesa siku ile ile.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko watu wake. Mwaka 1902 Uingereza ilikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso wakagawanyika, wengine wakabaki upande wa Tororo, wengine wakajikuta Wakenya huku Amukura, Kolanya na Kocholia. Koo hazikugawanyika. Watu waliendelea kuoa ng'ambo, kuzika ng'ambo, kulima ng'ambo. Kisha ikaja reli, iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret, ikavuka Malaba kuelekea Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Pamba ilipata njia ya kutoka, na Malaba ikapata sababu ya kuwa mji.

Ufundi wa kizungu haukufika kwa kasi hiyo. Mwaka huo huo wa 1902, Wakweka kutoka Marekani walianza kazi Kaimosi na kuiita misheni yao ya viwanda, kwa sababu walitaka waumini wajue useremala na uashi pamoja na Biblia. Katika miaka ya 1920 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza Waafrika wafundishwe kilimo na kazi za mikono. Serikali ya kikoloni ilipokea wazo hilo kwa furaha, na kule Kabete, karibu na Nairobi, kikafunguliwa kituo cha kuwafunza wenyeji ufundi. Kwa kijana wa Kocholia, Kaimosi ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kabete ilikuwa nchi nyingine kabisa.

Wazazi nao hawakuwa wajinga. Waliona watoto wa Wazungu na wa Wahindi wakifundishwa hesabu na Kiingereza, na wao wakaambiwa jembe na randa vinawatosha. Wengi waliuchukulia ufundi kuwa hila ya kuwazuia watoto wao wasifike kwenye kalamu. Shaka hiyo ilikuwa na msingi, na haikuisha bendera ya Uingereza iliposhushwa. Ukiuliza kwa nini hata leo mzazi huona haya kidogo kusema mwanawe yuko chuo cha ufundi, jibu la kwanza liko huko nyuma.

Baada ya uhuru shule za msingi zilifurika, na nafasi za sekondari zikabaki chache. Mwezi Septemba 1966 wasomi, maofisa na viongozi wa dini walikutana Kericho kujadili elimu, ajira na maendeleo ya vijijini. Mwaka huo huo Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti ambayo kichwa chake kilikuwa swali: baada ya shule, nini? Jibu la baraza ndilo lililozaa politekniki za vijiji.

Inafaa tukae kidogo hapa, kwa sababu wazo lile la kwanza lilikuwa la busara kuliko mengi yaliyofuata. Politekniki ya kijiji haikukusudiwa kuwa sekondari ya maskini. Ilitakiwa iwe ndogo, ya gharama nafuu, iendeshwe na kamati ya wenyeji, na ifundishe kazi ambayo watu wa pale pale wangeilipia: kujenga nyumba, kushona sare, kutengeneza vitanda, kufua vyuma, kufuga kuku. Mwanafunzi alilala kwao. Asubuhi alikwenda kwa miguu na jioni alirudi kusaidia shambani. Kozi iliweza kubadilika soko likibadilika, kwa kuwa hakukuwa na mtihani wa taifa ulioifunga. Kwa maneno mengine, usafiri ulikuwa umeshatatuliwa ndani ya mpango wenyewe, bila hata kutajwa: chuo kilikwenda kwa kijana.

Serikali ilianza kutoa ruzuku mwaka 1971. Mwaka uliofuata ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, ukasema mafundi wadogo wa mitaani, wale tuliokuja kuwaita jua kali, ni sehemu ya uchumi inayostahili kusaidiwa badala ya kufukuzwa. Kwa muda mfupi ilionekana kama karatasi na kijiji vinakubaliana.

Halafu mambo yakavutana. Wazazi na wanafunzi walidai cheti, na haki yao ilikuwa hiyo, kwani mwajiri wa mjini hakuijua kamati ya kijiji. Politekniki zikaanza kuandaa vijana kwa mitihani ya gredi za ufundi ya serikali, na kadiri mtihani ulivyotawala, kozi zilifanana kila mahali: useremala, uashi, ushonaji, iwe kijiji kinahitaji maseremala wengine thelathini au hakihitaji. Upande mwingine, wanasiasa wa kila mkoa walikuwa wakichangisha harambee kubwa za taasisi za teknolojia. Magharibi ilipata WECO mjini Kakamega, ambayo baada ya miaka mingi ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Fahari na fedha zikaelekea huko. Chuo kidogo chenye mabati na meza tatu hakikuwa kitu cha kuwekea jiwe la msingi.

Wakati huo huo barabara ilikuwa ikifungua shule yake yenyewe. Katika miaka ya 1960, vijana wa Busia, mji mwingine wa mpakani, walianza kuwabeba wasafiri kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Mwendo ulikuwa mfupi, jua kali, mizigo mizito. Kijana alihitaji baiskeli, mto wa kukalia uliofungwa kwenye keria, na miguu. Hakuhitaji cheti, hakuhitaji karo, hakuhitaji kungoja miaka miwili. Hapo ndipo bodaboda ilipozaliwa, kazi ambayo sasa inajulikana katika Afrika Mashariki yote, na Malaba haikuchelewa kuiga.

Miaka ya Idi Amin iliongeza mvuto huo. Bidhaa zilipotoweka Uganda, sabuni, chumvi na sukari kutoka Kenya zilivuka mpaka kwa njia za vichochoroni, na kahawa ikarudi upande huu. Mwaka 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda ulimwenguni baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazili, soko la Chepkube mpakani mwa Bungoma lilitengeneza matajiri kwa miezi michache. Mvulana aliyejua njia za usiku na aliyekuwa na baiskeli nzuri aliweza kupata katika wiki moja fedha ambazo seremala hakuzipata kwa muda mrefu. Si haki kumlaumu. Jamaa zake walikuwa pande zote mbili za mpaka, na mstari ule hakuuchora yeye.

Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4, uliotokana na Tume ya Mackay ya 1981. Ulitaka kila mtoto wa shule ya msingi aguse mbao, udongo, uzi na jembe. Wazazi wakajenga vyumba vya karakana kwa harambee. Vyumba vingi vilikosa vifaa, na miaka mitatu baadaye, kufuatia ripoti ya Kamunge, serikali ikaanza rasmi sera ya kugawana gharama na wazazi. Katika nyumba iliyotegemea pamba ambayo bei yake ilikuwa imeanguka, au tumbaku iliyolimwa kwa mkataba, kugawana gharama kulimaanisha mtoto mmoja asome na mwingine abaki. Aliyebaki mara nyingi alikuwa msichana. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 masomo mengi ya mikono yaliondolewa shule za msingi, na karakana zile zikawa stoo.

Teso ilitengwa na Busia kuwa wilaya yake mwaka 1995. Miaka sita baadaye likatokea jambo ambalo linastahili kukumbukwa na kila anayebuni mpango wa elimu kwa ajili ya watu wa mahali hapa.

Shirika moja la Kiholanzi la kusaidia watoto, ICS, lilianza mwaka 2001 mpango wa ufadhili kwa wasichana wa darasa la sita katika wilaya za Busia na Teso. Wasichana waliofanya vizuri kabisa katika mtihani, asilimia 15 ya juu, walilipiwa Sh500 za karo kwa mwaka, na familia zao zikapewa Sh1,000 za vifaa, kwa miaka miwili. Nusu ya shule ziliteuliwa kwa kura, ili watafiti waweze kulinganisha. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Katika Busia matokeo yalikuwa mazuri. Alama za wasichana zilipanda, na walimu nao wakawa wanafika kazini zaidi.

Katika Teso, mwezi Juni mwaka huo, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Korosiandet. Watoto saba walikufa na 27 wakajeruhiwa. Shule hiyo haikuwa katika mpango wa ufadhili, lakini ICS ilikuwa na msaada mwingine pale, na katika majonzi baadhi ya watu waliunganisha msiba na wageni hao. Shule kadhaa za Teso zikajitoa. Wasichana watatu waliokuwa wameshashinda ufadhili waliukataa. Mpango uliofaulu katika wilaya jirani ya Busia haukuonyesha matokeo ya wazi Teso.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kusoma habari hiyo na kutikisa kichwa. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Watu ambao mpaka wao ulichorwa na wageni, ambao walifundishwa jembe na wageni walipotaka kalamu, waliombwa waamini kwamba fedha hizi hazina kitu nyuma yake. Imani hiyo ilikuwa bado changa, na msiba ukaja kabla haijakomaa. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi kwa kila mtoto nchini, bila kuchagua na bila mtihani, watu wa Teso hawakukataa. Walijaza madarasa.

Mwaka 2008, ulioanza kwa machafuko ya baada ya uchaguzi, hatua kadhaa zilizolenga vijana wale wale zilikutana, ingawa sidhani waliozipanga walikaa meza moja. Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, Sh10,265 kwa mwanafunzi. Ilianza pia kutoa ruzuku ya masomo katika politekniki za vijana, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya wizara ya vijana. Na iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo.

Katika mashindano hayo pikipiki ilishinda kwa kasi ya kutisha. Miaka michache tu baada ya hapo, baiskeli za abiria zilikuwa zikipungua mpakani na mahali pake kukajaa pikipiki kutoka India na China. Mwalimu wa politekniki aliyekuwa akisubiri vijana wa umekanika aliwaona wakipita nje ya lango, wakiendesha mashine ambazo angeweza kuwafundisha kuzitengeneza.

Mwaka huo huo wa 2008 Kremer na wenzake, Joan Hamory Hicks, Isaac Mbiti na Edward Miguel, walianza jaribio jingine magharibi mwa Kenya. Zaidi ya vijana 2,000 walioomba mafunzo ya ufundi waliingizwa katika kura, na walioshinda wakapewa vocha ya karo, takriban Sh35,000. Baadhi yao waliruhusiwa kuitumia katika vyuo vya serikali pekee, wengine katika chuo chochote, cha serikali au cha binafsi. Hawa wa pili walijiandikisha zaidi na kuendelea zaidi. Walikuwa na kozi nyingi za kuchagua, na walikuwa na vyuo vilivyo karibu na nyumbani. Kulikuwa na funzo jingine: baadhi ya wasichana walipoelezwa wazi kwamba umekanika na umeme hulipa kuliko ushonaji na ususi, wengi zaidi walichagua kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume. Kuhusu kipato, ukweli lazima usemwe: mapato ya waliopata vocha hayakupanda kwa kiwango walichokitarajia. Mafunzo bila mtaji wa zana na bila soko huzaa fundi mwenye cheti asiye na kazi.

Lakini angalia kilichoonekana kuhusu ukaribu. Ndicho walichokijua waanzilishi wa 1966 bila vocha wala kompyuta.

Jimbo la Bihar nchini India lililiona jambo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kumpa kila msichana anayeingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli ya kwendea shule. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta uandikishaji wa wasichana katika kiwango hicho umepanda kwa asilimia 32, na walionufaika zaidi ni waliokaa mbali na sekondari. Busia ilikuwa nchi ya baiskeli miaka arobaini kabla ya Bihar kuanza. Baiskeli za Busia zilikuwa kazi ya wavulana. Sijui sera iliyowahi kumtengea msichana wa Kocholia baiskeli ili afike darasani.

Kenya ilipotunga sheria kuhusu usafiri wa shule, ilitazama rangi. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki yaliyotiwa saini Januari 2017 yalitaka mabasi yote ya shule yapakwe manjano. Ni sheria njema kwa usalama wa watoto waliomo ndani ya mabasi. Lakini mabasi mengi ya shule za umma vijijini ni mali ya sekondari za bweni, yamenunuliwa kwa michango ya wazazi au fedha za eneo bunge, na kazi yake ni kuwapeleka wanafunzi kwenye michezo, tamasha na ziara. Mwanafunzi wa kutwa, yule ambaye karo yake serikali ililipa kuanzia 2008, hutembea. Mvua ikinyesha, au mzazi akipata kitu kidogo, hupanda bodaboda, wakati mwingine watatu nyuma ya dereva mmoja. Na mzazi wa msichana hubeba wasiwasi wa pili, kwa sababu nauli isipokuwepo kuna madereva wachache wanaojua kuigeuza kuwa deni la aina nyingine. Wazazi, walimu na vyama vya bodaboda vyenyewe wanalizungumzia jambo hili waziwazi.

Katiba ya 2010 ilihamisha politekniki za vijiji kwenda kwa serikali za kaunti, na ugatuzi ulipoanza 2013 kaunti ya Busia ikazirithi pamoja na paa zake zinazovuja. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka huo iliziweka chini ya mamlaka mpya ya kitaifa ya ubora. Mwaka wa fedha wa 2017/18 serikali kuu ilianza kupeleka ruzuku ya Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kupitia kaunti. Idadi ya wanafunzi ikaongezeka nchini. Miaka michache baadaye ruzuku hiyo ikakoma, na kaunti zikaachiwa kujaza pengo kwa basari zao.

Vyuo vikubwa vilitendewa tofauti. Kuanzia 2018 kila mwanafunzi wa taasisi ya kiufundi ya serikali kuu alitengewa Sh30,000 kwa mwaka na kuruhusiwa kuomba mkopo wa masomo wa HELB, huku karo ikiwekwa Sh56,420. Mwanafunzi wa chuo cha kaunti hakuwekewa mpango wa aina hiyo. Kwa hiyo kijana wa Kocholia mwenye alama za kuingia taasisi kama Bumbe, kule Samia, alisaidiwa kusoma mbali na kwao. Jirani yake asiye na alama hizo, anayehitaji chuo kilicho karibu, alisubiri kaunti. Alupe, mahali palipojulikana kwa hospitali ya ukoma, pakapata chuo kikuu kishiriki mwaka 2015 na hati kamili mwaka 2022. Wenyeji walishangilia, na walikuwa na kila sababu.

Mpaka nao haukusimama. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kuzitoza bidhaa ushuru katika bandari ya kwanza, kazi nyingi za uwakala wa forodha zilihama Malaba na Busia kwenda Mombasa, na vijana waliokuwa wamejifunza makaratasi ya mpakani wakajikuta na ujuzi usio na ofisi. Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Malori yakapita upesi zaidi. Kwa taifa ni faida. Kwa muuza chai na mwenye pikipiki, lori lisilosimama ni mteja aliyepotea, na hakuna chuo kilichoandaliwa mapema kuwapokea watu hao na kuwafundisha, kwa mfano, kutengeneza breki za trela au friji za magari ya samaki.

Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali iliamua shule za sekondari ya chini za mtaala mpya ziwe ndani ya shule za msingi, kufuatia pendekezo la jopo lililoteuliwa na Rais William Ruto, ili watoto wasome karibu na kwao. Wazo la 1966 likarudi kwa mlango wa nyuma, kwa ajili ya watoto wa miaka kumi na miwili. Kwa wenye miaka kumi na minane halijarudi.

Hata hivyo kaunti haihitaji sheria mpya ili ianze kuwasogezea vijana hao mafunzo karibu. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, linaorodhesha kazi za kaunti. Ya tano ni usafiri: barabara za kaunti na usafiri wa umma wa barabarani. Ya tisa inataja kwa pumzi moja elimu ya chekechea, politekniki za vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na malezi ya watoto. Barabara inayofika karakana, nauli ya kufika hapo, mafunzo yenyewe, na mahali pa kumwacha mtoto mchanga wa mama kijana anayejifunza uchomeleaji, vyote vimewekwa mikononi mwa serikali moja. Basari ya mwanafunzi wa kutwa inaweza kuhesabu nauli. Chuo chenye wanafunzi kutoka kata za mbali kinaweza kupewa bweni dogo kabla ya kupewa lango jipya. Mwenye pikipiki anaweza kufundishwa jioni umekanika wa mashine yake, mahali pale pale stejini.